Nilichukua Ufunguo, Nikaacha Makaratasi

Nina umri wa miaka hamsini na mmoja. Ni mjane, mkazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na riziki yangu naipata kwa kupika vyakula vya harusi. Mungu amenijaalia mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye humu nitamwita Swaleh. Majina yote nimeyabadilisha. Sababu mtaiona mwishoni.

Ndugu zangu wasomaji, nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanilaani. Mkishamaliza, nilaanini mpendavyo, sitawajibu. Na wanaonijua wanajua kunyamaza si kazi yangu!

Mdomo ninao, sikatai. Mtaani kwetu nikisimama dirishani, watu huniamkia kwanza ndipo wapite. Sipendi kungojeshwa wala kufundishwa jambo na mtoto niliyemwona akizaliwa. Na kuchekwa ndiyo kabisa, siwezi kustahamili... Kwa ajili ya kuogopa kuchekwa mchana mmoja tu, angalieni nilichokifanya!

Kwetu tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu Nuru. Mama yetu alifariki Nuru akiwa na miaka tisa, basi mimi ndiye niliyemlea. Nilimsuka nywele, nikampeleka chuoni kusoma Kurani, na alipokuwa akiogopa mbwa nilimficha ndani ya buibui langu. Alipoolewa Tanga na mwalimu mmoja aitwaye Bakari nililia siku tatu, lakini sikuona kama amekwenda mbali. Sisi watu wa pwani Tanga hatuiiti ng'ambo. Mtu huamka asubuhi akaenda kuzika Tanga, na jioni yuko Mombasa amekaa barazani kwake. Mpaka wa Lunga Lunga kwangu mimi ulikuwa mahali pa kushuka, kuonyesha kitambulisho na kununua korosho. Ndivyo nilivyouchukulia maisha yangu yote.

Shemeji Bakari alikufa ghafla. Alimwachia Nuru binti mmoja, Rukia, na gari.

Gari lenyewe halikuwa la kutisha. Lilikuwa dogo, jeupe, la zamani, na mlango wake mmoja wa nyuma haufunguki ila kwa ndani. Lakini Nuru alilipenda jamani! Kuendesha hajui, ila kila Ijumaa alikuwa akilifuta vumbi kwa mkono wake, kisha anaingia, anakaa kiti cha abiria, anasoma Yasini. Kwenye kioo cha mbele ilining'inia tasbihi ya Bakari, na ole wake mtu aiguse. Aliniambia kuwa akikaa mle bado anasikia harufu ya mumewe.

Rukia alipopata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Mombasa, akaja kukaa kwangu. Chuo chao kiliwapeleka mazoezini katika hospitali iliyoko bara, nje ya kisiwa, na zamu nyingine zilianza alfajiri. Nuru akaona vibaya mtoto wa kike kusimama barabarani saa hizo. Akampa gari la babake aje nalo. Siku wanafika alinipigia simu akaniambia, "Dada, nimekupa mwanangu na gari la mume wangu. Sina kingine."

Nikamjibu alale usingizi, wako kwetu.

Rukia alikuwa msichana mpole, mwenye adabu za Tanga zile za kupiga magoti akikuamkia. Lakini alikuwa na jambo moja lililonikera... makaratasi! Alikuwa na faili la plastiki la buluu, na ndani yake mlikuwa na kila kitu. Pasi yake ya mwanafunzi, barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba yuko Kenya kwa muda wa masomo tu, leseni yake ya udereva ya Tanzania, kadi ya manjano ya bima inayotambulika nchi hizi zote, na kibali cha gari kilichogongwa muhuri mpakani. Kibali kile kilikuwa na jina lake na tarehe ya mwisho. Kila tarehe ikikaribia, Rukia alipanga safari, akavuka na gari mpaka Horohoro, upande wa Tanzania, akarudi na muhuri mpya. Hata awe na mtihani, hata mvua inyeshe!

Mimi nilikuwa nikimcheka. Namwambia, "We Rukia, gari ni la babako, hapa ni kwa mama yako mkubwa, huo mpaka wautafuta wa nini?" Anatabasamu, ananiambia, "Mama mkubwa, gari lina namba za Tanzania. Hapa ni mgeni, kama mimi. Nimeruhusiwa kuliendesha mimi peke yangu, mtu wa Kenya haruhusiwi."

Mgeni! Neno hilo lilinichoma. Mtoto wa Nuru aje kuniambia kwamba gari la Nuru ni geni nyumbani kwangu? Nikamwambia hayo ni mambo ya watu wa maofisini, sisi ni damu. Yeye akalirudisha faili lake kabatini, na ufunguo wa gari akauweka juu yake. Hapo ndipo ulipokaa siku zote.

Basi ikafika harusi ya mwanangu Swaleh.

Nataka mnielewe. Miaka ishirini nimepikia harusi za watu. Nimeona mabegi ya watu yakipita mbele yangu nikiwa na mwiko mkononi na jasho usoni. Kwa wasiojua, begi ni zile zawadi ambazo upande wa bwana harusi humpelekea bi harusi... nguo, leso, viatu, manukato, udi. Wanawake huzipeleka kwa ngoma na vigelegele, na ole wako begi lako lisemwe! Mimi nilikuwa nikijiambia, iko siku na mimi litatoka langu. Mwana ninaye mmoja. Sitapata harusi nyingine.

Nikah ilikuwa Ijumaa. Begi lilitakiwa lifike kwa wakwe, Changamwe, siku ya Alhamisi mchana. Jamaa mmoja alikuwa ameniahidi gari zuri la kulibebea. Alhamisi saa sita akanipigia simu, ati gari limeharibika, liko gereji, nimuwie radhi. Wallahi nilitamani nimtoe ndani ya ile simu kwa masikio!

Wanawake walikuwa wameshajaa ukumbini, wamejipamba, ngoma zimeshapashwa moto. Wakaanza kunong'ona. Halafu mmoja, jirani yangu ambaye hatupikiki chungu kimoja, akasema kwa sauti, "Kwani begi la leo latoka na tuktuk?"

Wakacheka. Si wote, lakini walicheka.

Rukia alikuwa amekwenda chuoni kwa miguu kufanya mtihani, na angetoka saa nane. Asubuhi ile ile kabla ya kuondoka aliniambia, "Mama mkubwa, likitokea lolote nisubirini nikitoka mtihani, nitawapeleka mwenyewe." Ilikuwa saa sita na nusu. Saa moja na nusu tu ya kungoja, wasomaji wangu! Dakika ngapi hizo? Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile...

Sikungoja. Niliingia chumbani kwake, nikafungua kabati, nikachukua ufunguo. Faili la buluu lilikuwa chini yake. Nililiona kwa macho yangu, nikaliacha pale pale.

Kwa desturi bwana harusi hafuatani na begi lake, lakini dereva mwingine sikuwa naye. Swaleh akasita. Akaniambia, "Mama, Rukia alisema gari hili nisiliendeshe." Nikamkemea. Nikamwambia Rukia ni nani hapa, gari ni la mdogo wangu niliyemlea kwa mikono hii, na wewe leseni si unayo? Basi washa gari!

Akawasha. Tukalifunika boneti kwa leso na maua, begi likakaa nyuma, mimi nikakaa mbele pale alipokuwa akikaa Nuru. Wenzangu wengine wakatufuata kwa tuktuk tatu. Tulitoka Mji wa Kale kwa vigelegele mpaka watu wakasimama kutuangalia, nami nikainua shingo. Niliona raha. Niseme uongo? Ilikuwa raha ya maisha yangu.

Tulipovuka Makupa na kufika Kibarani tukakuta askari wa barabarani, na pamoja nao afisa wa forodha. Siku ile walikuwa wakikagua magari yenye namba za nje. Lile letu, na ile namba ya manjano iliyojitokeza mbele katikati ya maua, hata kipofu angeliona. Wakatusimamisha. Tuktuk zetu zikatupita, zikasimama mbele kidogo, vigelegele vikakatika midomoni.

Yule afisa alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Akaniamkia, akatupongeza kwa harusi, kisha akaomba kibali cha gari. Hatukuwa nacho. Akamwomba Swaleh leseni, Swaleh akampa. Akaitazama akauliza, "Wewe ni mkazi wa Kenya?" Swaleh akasema ndiyo. Yule afisa akakunja uso, akasema leseni haina tatizo, tatizo ni kwamba gari la kigeni lililoingia kwa muda haliendeshwi na mkazi wa hapa, na haliazimwi mtu.

Nikaanza maneno yangu. Nikamwambia hili ni gari la familia, sisi na Tanga ni nyumba moja, babu zetu wamezikwa huko kabla mpaka haujachorwa! Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Mama, nakuelewa. Mwenye jina katika kibali yuko wapi?"

Nikampigia Rukia. Kwa kupamba gari, foleni na maneno yangu, saa nane ilikuwa imeshafika, naye alikuwa ndiyo kwanza atoka kwenye mtihani. Nikamwambia apite nyumbani achukue faili lake aje Kibarani mbio. Akasema naja, akakata simu.

Alifika na boda, bado amevaa sare ya chuo, faili amelikumbatia kifuani. Akampa afisa makaratasi moja moja. Yote yalikuwa sawa. Mpaka kile kibali, siku zake zilikuwa bado hazijaisha! Yule afisa akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Sasa nawaomba mkae vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipouza utu wangu.

Afisa akatugeukia akasema jambo lenyewe ni jepesi kulielewa. Kama kijana huyu amelichukua gari bila ruhusa ya mwenyewe, basi kijana ana kesi ya kujibu na tunakwenda naye kituoni. Kama mwenye kibali ndiye aliyempa, basi mwenye kibali ndiye aliyevunja masharti, na gari linazuiliwa. Akauliza, "Nani alimpa huyu gari?"

Nikamtazama mwanangu. Kesho yake nikah! Kadi zimeshatolewa, mbuzi wameshanunuliwa, wakwe wanangoja. Tena Swaleh alikuwa ameomba kazi bandarini na alikuwa akisubiri cheti chake cha tabia njema kutoka polisi. Nikaona yote hayo yakimwagika pale barabarani, na yule jirani yangu kwenye tuktuk akiangalia...

Nikafungua mdomo wangu huu. Nikasema, "Mwenye gari ndiye huyu. Yeye ndiye aliyempa."

Swaleh aliinamisha kichwa. Rukia alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama hivi, kama mtu aliyeitwa jina ambalo si lake. Afisa akamwuliza, "Ni kweli, binti?" Mtoto yule alilelewa asimwambie mkubwa wake kuwa ni mwongo mbele ya watu. Na mimi nililijua hilo! Ndilo nililolitegemea!

Akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Wakaandika. Akatia sahihi. Wakatoa maua na leso juu ya boneti wakanikabidhi mikononi, na gari la Bakari likaondoshwa na tasbihi yake ikicheza kiooni. Begi langu lilifika Changamwe alasiri ile... kwa tuktuk.

Harusi ilifanyika. Rukia aligawa pilau na kuwamiminia wageni sharubati, na mtu akimwuliza mbona macho yamevimba alisema ni moshi wa jikoni. Jumatatu alitakiwa afike ofisi ya forodha saa mbili asubuhi kuandikisha maelezo. Jumatatu hiyo hiyo, saa mbili hiyo hiyo, ulikuwa mtihani wake wa mwisho wa vitendo. Alikwenda forodha. Chuo kikamwambia atangoja mpaka mwaka ufuatao. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani nakunja leso za harusi.

Siku ile forodha walimpa nafasi. Walimwambia kwamba kama kuna maelezo mengine kuhusu namna gari lilivyotumika, yaandikwe ndani ya muda waliouweka, na jambo litatazamwa upya. Rukia akaja akaniambia hivyo hivyo, kwa upole, akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Hakuniomba. Aliniambia tu, kisha akangoja.

Nikamwambia tusubiri kwanza cheti cha Swaleh kitoke.

Cheti kilitoka. Kazi Swaleh akaipata. Lakini muda wa maelezo ulikuwa umeshapita, na faini na ushuru waliotaka ulizidi thamani ya gari lenyewe. Rukia akafunga nguo zake, akapanda basi kurudi Tanga. Faili lake la buluu alilibeba mkononi, ingawa halikuwa na kazi tena.

Siku tatu baadaye Nuru akanipigia simu. Nikasema ameshajua... na ndani ya moyo wangu nikaona afadhali, yaishe.

Kumbe! Nuru alikuwa analia, anasema, "Dada, niwie radhi. Rukia ameniambia mwenyewe kwamba ndiye aliyetoa gari. Amekutia aibu mbele ya wakwe zako, siku ya furaha yako. Nimelea vibaya, dada. Nisamehe."

Mdogo wangu ananiomba msamaha! Mimi!

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Yameshapita, Nuru. Mtoto ni mtoto, msamehe." Nikaupokea msamaha wake kama haki yangu. Nilipokata simu nilikaa kitandani mpaka maji ya mchele yakakauka jikoni, chungu kikaungua.

Nuru hakumsamehe. Kila akinipigia aliniambia habari hiyo hiyo. Kwamba Rukia amempotezea mumewe mara ya pili. Kwamba hataki kumwona akipita mbele yake. Kwamba ikifika Ijumaa anashika kile kitambaa chake cha kufutia gari, hajui akifanyie nini. Na mimi namsikiliza, halafu nageuza maneno, namwuliza habari za nazi na bei ya samaki. Kila mara najiambia, nitamwambia Ijumaa. Ijumaa ikifika napata oda ya biriani. Nikimaliza biriani nachoka. Miezi kumi na moja ilikwenda hivyo, nami simu iko mkononi mwangu!

Siku moja nilimlazimisha Swaleh anipeleke mahali yanapowekwa yale magari yaliyozuiliwa. Mlinzi alituruhusu tutazame kwa nje ya waya. Niliona lile gari. Matairi yamekaa chini, weupe wake umekuwa rangi ya vumbi, na tasbihi bado imening'inia pale pale. Swaleh akasema, "Mama, tumwambie khalati Nuru." Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake mdogo tangu utotoni. Nikamwahidi nitakwenda Tanga mwenyewe, jambo hili si la kwenye simu. Nikapanga iwe baada ya mwezi wa Ramadhani, pakipoa.

Sikuwahi.

Asubuhi moja Rukia alinipigia. Mara ya kwanza tangu aondoke. Aliniamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," kama kawaida yake, nikamwitikia marahaba. Kisha akasema, "Mama hatunaye."

Presha ilimpanda alfajiri. Rukia, kwa uuguzi aliousomea, aliijua ile hali alipoiona tu. Alitoka mbio kutafuta gari kwa majirani, hakupata. Wakampakia Nuru kwenye bajaji. Hiyo hiyo tuktuk tunayoiita sisi... ile niliyoionea haya kubebea nguo na manukato, ndiyo iliyombeba mdogo wangu na roho yake. Alikata roho njiani, kichwa chake kimelala mapajani mwa mwanawe aliyekuwa hasemi naye wiki ya tatu.

Nilikwenda. Lunga Lunga palikuwa na foleni. Kijana wa dirishani aliniuliza naenda kwa nani na nitakaa siku ngapi. Nikamwambia naenda kumzika mdogo wangu. Akanipa pole, akagonga muhuri, akaniambia niitazame tarehe nisije nikaipitisha. Nikaitazama tarehe ile nikalia mbele za watu. Nilipofika Tanga walikuwa wameshamtoa. Nilikuta mikeka, wanawake wenye masikitiko, na kitambaa kimoja cha kufutia vumbi kimekunjwa vizuri juu ya mto wake.

Rukia alinipigia magoti akanibusu mkono. Akanipa maji ya kunywa. Wanawake wa pale wakanisifu, wakasema huyu ndiye dada aliyemlea marehemu, wakanisogezea mto wa kuegemea. Nilitamani ardhi inimeze!

Siku ya tatu, baada ya khitma, nilimshika mkono nikampeleka chumbani. Nikapiga magoti mimi. Nikamwambia naona nimekuulia mama yako, na nimekupotezea mapenzi yake kabla hajafa. Nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli, hata kwa mama yake mzazi?

Alinijibu kwa sauti ndogo. "Mama alikuwa ameshalipoteza gari. Alikuwa na dada mmoja tu. Ningempotezea na dada?"

Jamani... jamani! Nilisimama. Nikamwambia natoka sasa hivi uani nawaambia wote, wajue, wanitemee mate. Hapo ndipo Rukia aliponishika buibui. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniomba kitu. Akasema, "Usiseme, mama mkubwa. Ukisema, watu watajua kwamba mama alimnunia mwanawe bure mpaka akafa. Watamsema, naye hana wa kumjibia. Mimi nilikunyamazia ukaozesha mwanao. Leo nakuomba uninyamazie."

Nikakaa chini. Tangu siku ile nimenyamaza. Mimi mwenye mdomo! Wanawake Tanga bado wananitumia salamu. Hapa mtaani wananiita mama mwenye huruma, ati nimemsamehe yule msichana aliyetaka kuniharibia harusi. Wakimsema Rukia mbele yangu, moyo unataka kupasuka, na siwezi kufungua kinywa kwa sababu nimemwahidi. Ndiyo maana naandika hapa bila jina. Hapa ndipo mahali pekee nilipobakiwa napo pa kusema kwamba Rukia hakumpa mtu gari. Nililichukua mimi.

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi ambao mna watoto wa ndugu wanaokuja kusoma kwenu kutoka nchi nyingine. Mtoto akikwambia gari lake lina kibali, kibali kina jina na kina tarehe, usimcheke. Usimwambie sisi ni damu. Ile karatasi haijui damu yenu, na askari aliyesimama Kibarani hakuwapo mlipokuwa mkinyonya titi moja. Muulizeni mtoto, zisomeni hizo karatasi pamoja naye, na akisema msubiri mpaka saa nane, msubirini. Begi likienda kwa tuktuk, liende! Watu watacheka mchana mmoja, jioni wataila pilau yako na kusahau.

Na kama umeshakosa, kama mimi, kuna mtu mahali fulani anayeubeba uongo wako kwa ajili ya heshima tu. Chukua simu leo, umpigie anayepaswa kujua. Usingoje Ijumaa.

Rukia amerudi kumalizia masomo yake. Hakai tena kwangu, amepanga chumba na wenzake, na zamu za alfajiri huzifuata kwa miguu na kwa boda. Jumapili huja kunitazama. Hupiga magoti, huniamkia, hunikoshea vyombo. Kabati lake sijalitia kitu. Mwezi uliopita alisahau pale lile faili la buluu, nikalifungua. Kibali cha mwisho bado kimo, na jina lake, na ile tarehe... ilikuwa Jumamosi. Alhamisi ile ya begi, siku mbili zilikuwa zimebaki.